Mizani imegoma kwenye 81, niache posho kabisa?

Swali lenyewe nalifupisha. Dada wa miaka 34, urefu sentimita 163, mtu wa Busia upande wa Uganda, anauza vitenge Kikuubo, sokoni Kampala, na duka lake liko ghorofa ya 3. Alianza na kilo 92, ndani ya miezi 5 akafika 81 bila jimu, aliacha soda, akaacha chapati za asubuhi, posho, yaani ugali, akakata nusu, usiku akawa anakula kidogo. Sasa ni wiki ya 7 mizani haitoki 81, leo 80 na nusu kesho 81 na nusu, na anaapa hajabadilisha kitu. Shoga yake kamwambia aache posho na matooke kabisa, jirani wa duka anamuuzia chai ya kukata tumbo, na yeye mwenyewe ashaanza kufikiria kula mara moja kwa siku. Mwishoni kaongeza kwa kupita tu kwamba biashara imekua, kaajiri kijana wa kupandisha mizigo, na nyumbani siku hizi anapika msichana wa kazi.

Dada, hongera kwanza, kilo 11 bila jimu si mchezo, wengi wanaonijia hawafiki hata 5. Na wasiwasi utoe, mwili wako haujaharibika wala haujazima. Ila ile sentensi yako ya mwisho, ya kijana na msichana wa kazi, ndiyo iliyonifanya nikae chini na kalamu, maana umesema hujabadilisha kitu halafu palepale ukataja vitu viwili vikubwa vilivyobadilika.

Tuanze na hesabu, najua watu wanaikimbia lakini bila hesabu tutabaki na maneno ya shoga na jirani. Iko fomula tunayoitumia sana, ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, unaiwekea uzito, urefu na umri inakupa kalori ambazo mwili unachoma ukiwa umelala tu hufanyi kitu. Kwako wewe ulipokuwa na kilo 92 inatoa kama 1,610, kwa kilo 81 inatoa kama 1,500. Zidisha mara 1.5 kwa mizunguko ya mtu wa dukani anayesimama na kupanda ngazi, unapata kama 2,400 za zamani na 2,250 za sasa. Na haijaisha hapo, mwili uliopungua unabana matumizi kuliko hata uzito wenyewe unavyodai, homoni ya leptini inayotoka kwenye mafuta inashuka na ubongo unasoma hiyo kama ishara ya njaa. Kevin Hall na wenzake kule Marekani walikadiria kwamba kila kilo inayotoka inashusha matumizi ya siku kwa kalori 20 mpaka 30, na papo hapo hamu ya kula inapanda kwa kama kalori 100 kwa kila kilo. Isome tena hiyo namba ya pili. Umetoa kilo 11, kwa hiyo matumizi yameshuka 220 mpaka 330, lakini njaa inayokuvuta nyuma ni kubwa mara tatu mpaka tano ya hapo, na njaa hiyo haiji na kelele, inakuja na kijiko cha ziada hapa na kipande kingine pale.

Ni kama boda iliyokuwa inabeba gunia la kilo 11 nyuma kila siku, umelishusha, sasa ukiendelea kuweka petroli ileile usishangae tangi halipungui.

Haya, ulikuwa unakula kalori ngapi? Hukusema, lakini kilo zako zimesema zenyewe. Kilo moja ya mafuta ya mwili inabeba kama kalori 7,700, sasa kilo 11 ugawe kwa siku 150 ni pengo la kama 560 kwa siku, maana yake ulikuwa kwenye 1,850 hivi. Leo mwili wako unachoma kama 2,100 au juu kidogo. Ungekuwa bado uko kwenye 1,850 ileile pengo lingebaki angalau 250 na mizani ingekuwa inashuka polepole, karibu robo kilo kwa wiki, kwa wiki 7 ungeona kama kilo moja na nusu imeondoka. Hujaona kitu. Basi kuna kalori kama 250 zimerudi ndani bila kupiga hodi, na kazi yangu na yako ni kuzitafuta zilipoingilia kabla hatujagusa hata punje ya posho.

Sehemu ya kwanza ni zile ngazi. Kupanda ghorofa 3 na mzigo wa vitenge, safari kama 10 kwa siku, ni kalori kama 100 kwa mtu wa uzito wako. Kijana amezichukua hizo. Simaanishi umfukuze jamani, biashara ikikua ikue, ila jua kwamba ulikuwa na jimu ya bure na umeifunga.

Sehemu ya pili ni jikoni, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa Uganda ndipo hesabu za wengi zinapozama. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120. Kimoja! Wewe ulipokuwa unapika mwenyewe ukiwa na uchungu wa daiti ulikuwa unaweka labda vijiko viwili kwa sufuria la watu wanne, sasa msichana anapika kama alivyofundishwa kwao, anainamisha kidumu juu ya vitunguu mpaka vielee, hapo vijiko 5 vimeshaingia na wala hajakusudia ubaya, kwake hiyo ndiyo mboga iliyopikwa vizuri. Fungu lako limetoka kalori 60 mpaka 150, na kwa macho sahani ni ileile, dodo (mchicha) ileile, rangi ileile. Halafu njoo kwenye binyebwa, ile sosi ya karanga. Karanga zina kalori kama 570 kwa gramu 100, kwa hiyo upawa wa sosi uliobeba gramu 30 za karanga zilizosagwa ni kama 170, na nani anaishia upawa mmoja binyebwa ikiwa imekolea, tena ikiwa na samaki wa kukaushwa ndani? Watu wengi wanakata matooke, ambayo gramu 100 zilizochemshwa ni kama kalori 120 tu, halafu wanaongeza binyebwa juu ili ndizi chache zipate kushuka. Umeondoa 120 umerudisha 170, na unajisikia umefunga.

Chai nayo iangalie. Chai ya maziwa ile yetu, maziwa matupu kikombe kikubwa na sukari vijiko 3, inakaribia 200. Viwili kwa siku ni 400, hicho ni chakula kizima kimepita kama kinywaji. Na ovakado zetu kubwa, nyama yake ikifika gramu 250 ni kalori 400, ni tunda zuri sana sikukatazi, ila nusu ni nusu, usile zima ukahesabu "mboga".

Usinielewe vibaya, sisemi unadanganya. Mwaka 1992 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watu waliokuwa wanasema wanakula chini ya kalori 1,200 na hawapungui hata kidogo. Wakanyweshwa maji yenye alama maalumu ambayo yanaonyesha mwili unachoma kiasi gani kwa siku, ikaonekana miili yao inachoma kawaida kabisa, ila walichokuwa wanaandika kwenye daftari kilikuwa karibu nusu tu ya walichokula, na mazoezi wakawa wameyakuza kwa karibu nusu. Na hawakuwa waongo, wengi walishtuka kweli. Macho ya binadamu hayajui kupima mafuta, ndiyo basi.

Hii ya "mwili umeingia hali ya njaa ukakataa kupungua" nayo tuimalize. Miaka ya 1944 na 1945 huko Minnesota, mtafiti Ancel Keys aliwaweka vijana 36 kwa wiki 24 kwenye kama kalori 1,570 huku wakitembea sana, wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Miili yao ilipunguza matumizi ndiyo, walihisi baridi, walikuwa wanyonge, wanaota chakula usiku, lakini hakuna aliyebaki na uzito wake eti kwa sababu mwili umegoma. Kitu kimoja kutoka kwao kinakuhusu, walivimba maji, na maji yaliweza kuficha mafuta yaliyokuwa yanatoka. Kwako pia, wiki ya hedhi inaweza kuweka kilo moja au mbili za maji, siku uliyokula mukene (dagaa) wa chumvi au muchomo (nyama choma) wa wikendi hivyohivyo, na hata ukiwa hujaenda choo siku mbili mizani inakusoma hiyo. Kwa hiyo acha kupanda mizani mara moja kwa wiki ukalia au ukacheka. Panda kila asubuhi baada ya choo kabla ya chai, andika, Jumapili tafuta wastani wa siku 7, fananisha wastani na wastani. Na kiuno pima kwa utepe usawa wa kitovu kila baada ya wiki mbili, fundi yeyote wa nguo hapo Kikuubo atakuazima utepe.

Sasa tunafanyaje. Wiki mbili za kwanza usipunguze kitu chochote, nasema chochote, pima tu. Nunua mizani ndogo ya jikoni ya kidijitali, zinapatikana mjini hapo hapo, na msichana mpe kijiko kimoja cha kupimia mafuta umwambie idadi, usimwambie "kidogo", maana kidogo ya kila mtu ni yake. Andika kila kinachopita mdomoni hata karanga za paketi unazonunua dirishani mwa teksi ukiwa kwenye foleni. Uandike kabla ya kula, si usiku ukiwa kitandani unakumbukia. Nakuhakikishia zaidi ya nusu ya wanaofanya hivi mbele yangu wanaanza kushuka humohumo ndani ya wiki mbili bila mimi kusema lolote, kwa sababu kalamu yenyewe inafunga mdomo.

Baada ya hapo shuka kwenye 1,700, usishuke zaidi. Hapo pengo ni kama 400, ni theluthi moja ya kilo kwa wiki, na itapungua kadiri unavyopungua, najua ulizoea kilo mbili kwa mwezi na zaidi, hiyo imeisha, haitarudi na isirudi. Siku yenyewe inaweza kuwa hivi. Asubuhi mayai mawili ya kuchemsha, kipande cha katogo cha matooke gramu 150 bila mafuta ya juu, chai nusu maji nusu maziwa bila sukari. Mchana kwa yule mama anayewaletea chakula dukani mwambie posho fungu dogo, kama unga wa gramu 80, ambao ni kalori 290, maharage kikombe kizima, dodo ijae, na binyebwa asimwage juu hata kama anakupenda. Usiku samaki, ngege wa kuchemsha au wa mvuke gramu 150 na kijiko kimoja cha mafuta kilichopimwa, matooke gramu 200, mboga za majani, nakati au bugga uzipendazo, na katikati ya siku kipande cha papai au nanasi. Jumla inacheza hapo kwenye 1,700 na tumbo halilii.

Umeona posho na matooke zimebaki? Makusudi. Shoga yako hajakosea sana kwamba ukiviacha mizani itashuka, itashuka kilo mbili wiki ya kwanza, kwa sababu wanga tunaouhifadhi mwilini unashika maji, kila gramu moja na kama gramu 3 za maji, unapoumaliza maji yanatoka. Mafuta hayajaguswa. Halafu unakwenda kwenye kasiki ya kwanza, ile sherehe ya kabla ya harusi, mwenye shughuli anakusukumia sinia, maji yote yanarudi na wewe unaamini umenenepa kwa usiku mmoja. Mtu aliyezaliwa Busia na anayeishi Kampala hatakaa bila posho na matooke miaka 20, sasa kwa nini tujenge nyumba kwenye kitu tunachojua kitaanguka? Kata vilivyojificha, vile vinavyoonekana vipime tu.

Kitu cha kuongeza ni protini, lenga gramu 90 kwa siku hivi. Inashibisha kuliko wanga na mafuta, inalinda misuli isiondoke pamoja na mafuta, na mwili wenyewe unatumia kati ya asilimia 20 na 30 ya kalori zake kuimeng'enya tu, wakati mafuta ni asilimia 3 au chini ya hapo. Menyu niliyokupa inakufikisha 80 na kitu, iliyobaki ongeza mukene wa kusaga kijiko kwenye maharage au dodo, ni rahisi kwa bei na wengi wanaudharau eti chakula cha kuku. Loweka na uoshe kwanza chumvi na mchanga vitoke.

Kula mara moja kwa siku si sumu, wako wanaoweza, lakini kalori zikiwa zilezile matokeo ni yaleyale, hakuna uchawi kwenye saa. Tatizo lako wewe unafunga duka saa 1 jioni, unapigana na jam mpaka nyumbani saa 3 usiku, mtu wa namna hiyo akifika na njaa ya siku nzima hatapima binyebwa kwa gramu, tena njiani pale stendi kuna rolex inanukia, na chapati mbili na mayai mawili na mafuta ya kwenye sahani ile ya chuma hazikosi kukaribia 900. Kula mchana vizuri ili usiku uwe na akili.

Chai ya kukata tumbo, nyingi ya hizo zina sena, ni dawa ya kuharisha. Unapoteza maji na madini ya potasiamu, utumbo unazoea, mafuta yanabaki yamekaa yanakuangalia. Hela hiyo nunua mayai.

Kuhusu ngazi, usimnyang'anye kijana mzigo, panda wewe bila mzigo, fungua na funga duka kwa miguu, na jioni badala ya kuchukua boda kutoka Kikuubo mpaka unapopandia teksi tembea mguu. Nusu saa ya kutembea kwa mtu wa kilo 81 ni kama kalori 100 juu ya zile ambazo ungechoma umekaa. Ndogo, ndiyo, lakini ni zilezile ulizozipoteza. Ukiweza mara mbili kwa wiki inua kitu kizito, robota za vitenge zinafaa kabisa, kuchuchumaa nazo na kusimama seti tatu, misuli ikae.

Jambo moja ambalo wengi hawaambiwi, ukifika miezi mitatu ya kubana pumzika wiki mbili, kula kiasi cha kubaki palepale, kwako ni kama 2,000 au 2,100, si kula kwa hasira. Iko tafiti moja ya Australia ya wanaume 51 walibana wiki mbili wakapumzika wiki mbili wakapungua zaidi ya wale waliobana mfululizo, lakini nyingine zilizofuata hazikuonyesha faida kama hiyo, kwa hiyo siiuzi kama dawa. Naipenda kwa sababu kichwa kinapumua. Ipange iangukie Desemba ukienda Busia, utakula kwenu bila kuona haya na bila kuharibu.

Na usisahau ulipo. Kwa urefu wako ukishuka chini ya kilo 79 na nusu unatoka kwenye kundi la unene uliopitiliza, BMI, kipimo cha uzito kwa urefu, inakuwa chini ya 30, umebakiza kilo moja na nusu tu hivi. Kilo ulizotoa tayari ni asilimia 12 ya uzito wako, na presha na sukari huanza kushukuru hata kwenye asilimia 5. Ukiamua kukaa hapa kwenye 81 miezi mitatu upumzike pia ni uamuzi wa mtu mzima, usione umeshindwa.

Ukipima kwa uaminifu wiki 6 kwenye 1,700 na wastani haujasogea, hapo tunaacha kulaumu kijiko tunakwenda kliniki. Pima mimba kwanza, usicheke, nimeiona. Pima tezi ya shingo, hasa kama una baridi isiyo ya kawaida, choo kigumu, uchovu. Mwambie daktari dawa zote unazotumia, ile sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango inaongeza uzito kwa baadhi ya wanawake, dolutegravir iliyoko kwenye vidonge vya ARV tangu Uganda ilipoanza kuigawa 2018 nayo imehusishwa na kuongezeka uzito hasa kwa wanawake, na baadhi ya dawa za sukari na za msongo wa mawazo hivyohivyo. Hakuna hata moja ya hizo unayoiacha kwa sababu ya mizani, unaulizia kama kuna mbadala, na mpaka ujibiwe unaendelea kumeza kama ulivyoandikiwa. Nenda na daftari lako la chakula, daktari akiona wiki 6 za namba hatakwambia "punguza kula mama" akakurudisha nyumbani.